Datsun 240Z iliyozima kila ilipopanda Mau

Mjini Nakuru, Kenya, gari halikuwa na neno. Lilitoka Kiamunyi, likazunguka mjini, likakaa kwenye foleni ya saa saba mchana jua likiwaka, likarudi nyumbani bila kukohoa hata mara moja. Tabu ilianza lilipoelekezwa magharibi. Ukishapita Salgaa na barabara ikaanza kupanda kuelekea Mau Summit, injini ilianza kukatakata. Mwenye gari alishusha gia na kukanyaga mafuta zaidi, na badala ya kupata nguvu akapoteza hata zile kidogo zilizokuwapo. Kilomita moja au mbili mbele, kimya. Akingoja nusu saa hivi boneti ikiwa wazi, gari liliwaka papo hapo na kuondoka kwa nguvu zake zote, halafu likazima tena huko mbele.

Hapo ndipo kila mtu aliposema joto. Likipata moto linazima, likipoa linawaka, unataka ushahidi gani tena? Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu huo haukuwa ushahidi wa joto hata kidogo. Gari likisimama nusu saa, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja: injini inapoa, na chochote kilichokuwa kikivutwa na mafuta ndani ya tangi kinatulia. Ulikuwa ushahidi wa kungoja tu. Pesa nyingi ziliteketea kwa sababu hakuna aliyejaribu kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Mwenye gari ni mpima ardhi mstaafu, jirani yangu. Mimi humwita Mzee, naye huniita mwanangu ingawa hatuna undugu. Alilinunua kutoka kwa familia moja upande wa Njoro, ambako lilikuwa limeegeshwa bandani miaka mingi. Walilipuliza vumbi, wakabadilisha oili, betri na matairi, likawaka. Alikuwa amelitamani gari la aina hiyo tangu ujanani, na si yeye peke yake. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za East African Safari Rally wakiendesha 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, akiwa na Lofty Drews, akashinda kwa gari la aina hiyohiyo. Watu wa rika la Mzee walisimama kando ya barabara za udongo wakiwa watoto kuyaangalia yakipita. Usimwambie mtu wa namna hiyo auze gari anunue lingine lisilosumbua.

Kwa wasiolijua: 240Z ilitengenezwa Japani kuanzia mwaka 1969 hadi 1973, kisha ikafuatwa na 260Z. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na hulishwa na kabureta mbili, vifaa vya kuchanganya petroli na hewa, za Hitachi zilizoigwa mtindo wa kabureta za SU za Uingereza. Haina kompyuta yoyote. Pampu ya mafuta ya asili inaendeshwa na injini yenyewe, imefungwa ubavuni mwa silinda hedi, kwa mbele. Tangi liko nyuma kabisa, chini ya sakafu ya buti, limeshikiliwa na mikanda ya chuma. Kwa hiyo pampu inavuta mafuta kutoka upande wa pili wa gari kupitia bomba refu jembamba. Shika hilo akilini, kwa sababu kisa chote kiko kwenye bomba hilo.

Kabla sijaitwa, gari lilikuwa limeshatibiwa sana. Koili ilibadilishwa mara mbili, na baada yake kondensa na pointi za distributa, yaani vifaa vya kutengeneza cheche. Rejeta ilitolewa ikasafishwa. Fundi mmoja alimshauri Mzee atembee na kitambaa na chupa ya maji, ili gari likizima aifunike pampu kwa kitambaa kibichi. Alifanya hivyo, gari likawaka, na imani ya joto ikazidi kukomaa, ingawa lingewaka vilevile bila kitambaa kwa kuwa muda wa kungoja ulikuwa uleule. Mwishowe akafungiwa pampu ya umeme huku nyuma karibu na tangi, ile ya asili ikaachwa bila kazi.

Kukawa na hoja ya mafuta machafu pia. Hoja hiyo haikosi kwetu, maana kuchanganya petroli na mafuta ya taa kulizoeleka kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo. Mzee akahamia kituo kingine cha mafuta, kisha kingine. Lakini mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi kuliko petroli, yanachelewa. Gari lililonyweshwa mchanganyiko huo linasumbua kuwaka asubuhi ya baridi, linatoa moshi, linagongagonga likipewa mzigo. Halikai vizuri mjini wiki nzima kisha likazimia mlimani tu. Hoja hiyo ilipaswa kuondolewa mezani siku ya kwanza.

Hoja ya joto, kwa upande wake, haikuwa ya kijinga, na sitaki kumdharau yeyote aliyeisema. Kwenye injini hii kabureta ziko upande mmoja na manifoldi ya egzosti, chuma cha moto kinachotoa moshi wa injini, zimekaa juu yake. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na vile vyepesi huanza kuchemka kwenye joto ambalo mkono wako unaweza kulivumilia. Isitoshe, kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito na vimiminika kuchemka mapema. Hapa Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, msukumo wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa Mombasa. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya bomba, pampu inavuta mapovu na kabureta zinakauka. Mtu aliyesema hivyo alikuwa amefikiri.

Ila nilipoketi na Mzee na kumwomba anisimulie kila safari, tukinywa chai barazani kwake, mambo matatu yalikataa kuingia kwenye hoja hiyo.

La kwanza ni mahali gari lilipozimia. Sehemu inayopika petroli ni foleni ya mchana, gari likiwa limesimama, hakuna upepo unaopita chini ya boneti. Huko gari hili halikuzima kamwe. Lilizima Mau, kwenye ukungu, upepo wa baridi ukipiga rejeta moja kwa moja. Tena injini ikizimwa, joto chini ya boneti halishuki mara moja. Linapanda kwanza, kwa sababu feni na maji vimesimama na chuma cha moto kinaendelea kutoa joto lake. Petroli ingekuwa inachemka, dakika kumi za mwanzo za kusimama zingezidisha tatizo. Mzee alisema kuna siku gari liliwaka kabla hata hajamaliza kufungua boneti vizuri, baada ya kukorogwa na shimo kubwa alipokuwa akilisukuma pembeni. Maneno hayo aliyasema akipita tu, akaendelea na habari nyingine. Nilimrudisha hapo.

La pili lilikuwa filta. Kila fundi aliifungua filta ndogo iliyo chini ya boneti, akaikuta safi, akatangaza kwamba mafuta hayana uchafu. Filta safi inakwambia kwamba uchafu haujafika kwenye filta. Haikwambii lolote kuhusu mahali mafuta yanapotoka.

La tatu, na kwangu ndilo lililokuwa zito kuliko yote, lilikuwa pampu ya umeme. Kama tatizo lingekuwa mvuke, pampu hiyo ingesaidia kwa hakika, kwa sababu inasukuma mafuta kutoka upande wa baridi, na mafuta yaliyo chini ya msukumo hayachemki upesi. Badala yake gari lilianza kuzima mapema zaidi, wakati mwingine hata kabla ya kufika Sachangwan, iliyo kati ya Salgaa na Mau Summit. Watu wakasema Mzee ameuziwa pampu feki. Pampu haikuwa feki. Ilikuwa inavuta kwa nguvu kuliko ile ya zamani, na kilichokuwa kikiziba njia kilivutwa kwa nguvu ileile. Dawa ikizidisha ugonjwa, ugonjwa uliouandika kwenye karatasi si huo.

Tukaamua kulipeleka gari mlimani makusudi, likazime mbele yetu, na likizima tulihoji kabla halijapata nafasi ya kupoa. Hiyo ndiyo nafasi ambayo hakuna aliyekuwa ameitumia. Mafundi wote waliliona gari karakanani likiwa halina tatizo, wakatibu hadithi.

Fundi tuliyekwenda naye ana karakana ya jua kali eneo la viwandani. Ni kijana mtaratibu, hapendi kufungua bolti ambayo hajui kwa nini anaifungua. Kwanza aliondoa pampu ya umeme akairudisha ile ya asili. Nilifurahi kwa sababu ya pili pia: kabureta za mtindo huu zinataka msukumo mdogo, psi 3 hadi 4 hivi, na pampu ya umeme iliyofungwa bila swichi ya usalama inaendelea kumwaga petroli hata gari likipinduka na injini kuzima.

Kifaa cha kupimia tulikitoa ziwani. Wavuvi wa Kisumu wanaotumia injini za mashua wana mpira mweusi wa kubinya kwa mkono ulio katikati ya bomba la mafuta, kati ya tangi na injini. Ndani yake una vali zinazoruhusu mafuta kwenda upande mmoja tu. Kabla ya kuwasha, mvuvi anaubinya mpaka uwe mgumu, ndipo anajua mafuta yamefika. Nilikuwa nimewaona ufukweni Dunga, huko Kisumu, wakiutumia kutafuta tatizo majini: mpira ukibinywa na kubaki bapa bila kujaa tena, kuna kizuizi nyuma yake, upande wa tangi. Ukijaa vizuri na injini bado haipati mafuta, tatizo liko mbele. Kitu cha bei nafuu, na kinajibu swali letu lote. Tuliununua mmoja, fundi akaufunga kwa klipu kwenye bomba kabla ya filta, mbali na egzosti.

Kipande cha Salgaa hadi Mau si mahali pa kuchezea. Malori yanashuka yakiwa na mizigo mizito, na pale Sachangwan, mwaka 2009, lori la mafuta lililopinduka lilishika moto na kuua zaidi ya watu mia moja. Wengi wao walikuwa wamekimbilia kuchota petroli. Sipiti hapo bila kukumbuka. Kwa hiyo tulibeba kizimamoto, pembetatu za kuakisi mwanga, na tukakubaliana mapema hatua zitafuatana vipi, ili asiwepo mtu atakayecheza na cheche bomba la mafuta likiwa wazi.

Gari lilifanya kama lilivyosimuliwa. Baada ya Salgaa lilipanda vizuri kwa gia ya tatu, sauti ya zile silinda sita ikiwa imejaa, Mzee akitabasamu licha ya yote. Kisha mguno, likashtuka, likapata nguvu tena, likapoteza. Mzee akalipeleka pembeni palipokuwa na nafasi pana, karibu na akina mama wanaouza viazi kwa ndoo, likazima lenyewe kabla hajagusa breki. Nikaangalia mshale wa joto. Ulikuwa katikati, mahali pake pa kila siku.

Fundi alianza na cheche, kwa kuwa hiyo lazima itangulie kabla hujafungua petroli. Akachomoa plagi moja, akaishikiza kwenye chuma, Mzee akapiga stata. Cheche ya bluu, kali, mfululizo. Basi koili haikuwa na hatia, na zile mbili zilizotangulia kutupwa pengine hazikuwa nayo. Plagi yenyewe ilikuwa kavu kabisa. Niliinusa, haikuwa na harufu ya petroli. Silinda zilikuwa na njaa.

Akafungua kifuniko cha tangi, sikio likiwa karibu. Kama tundu la kupumulia la tangi lingekuwa limeziba, tungesikia hewa ikiingia kwa kishindo, kwa sababu pampu ingekuwa imetengeneza ombwe ndani. Hapakuwa na sauti yoyote. Kifuniko tukakiacha wazi.

Ndipo akaubinya ule mpira wa wavuvi. Ulikwenda bapa na kubaki bapa. Aliuachilia, tukautazama. Pande zake mbili zilikuwa zimegusana, hazikuachana. Upande wa mbele hapakuwa na mvuke wala mapovu ya kuusukuma, na upande wa nyuma mafuta hayakuja. Tangi lilikuwa zaidi ya nusu. Mzee aliinama akaugusa kwa kidole, akasema polepole, "Kumbe ni huku nyuma."

Bado palibaki jambo moja la kuthibitisha, na ndilo lililonifanya nisisitize tusingoje. Fundi aliutoa ule mpira, kwa kuwa vali zake zisingeruhusu hewa kurudi nyuma, akaunganisha pampu ya baiskeli kwenye bomba linaloelekea kwenye tangi na kupuliza taratibu. Mara ya kwanza ilikuwa ngumu. Mara ya pili kitu kiliachia, na kupitia tundu la tangi tukasikia mapovu yakipanda. Akarudisha mpira, akaubinya, ukajaa mkononi mwake. Akafunga kila kitu, akapangusa matone, tukangoja harufu iishe kwenye upepo, Mzee akapiga stata. Gari likawaka.

Mshale wa joto haukuwa umeshuka. Manifoldi ilikuwa bado haishikiki. Hatukuwa tumemwagia pampu maji wala kuifunika kwa kitambaa. Injini ya moto, kwenye mlima uleule, kwa petroli ileile, iliwaka kwa sababu bomba lilipulizwa. Tulifika Mau Summit, tukageuza.

Sasa inaeleweka kwa nini mjini hapakuwa na tatizo. Injini ikinguruma palepale inatumia lita moja na kitu kwa saa. Ikipanda mlima kwa nguvu inaweza kupita lita ishirini. Mafuta yakivutwa polepole hayana nguvu ya kuinua uchafu kutoka sakafuni mwa tangi na kuupeleka kwenye mdomo wa bomba. Yakivutwa kwa kasi kwa dakika kadhaa, yanaubeba. Bakuli za kabureta zina akiba ndogo, kwa hiyo injini haifi ghafla: inakatakata kadiri akiba inavyopungua, na dereva akikanyaga mafuta zaidi anaimaliza upesi zaidi. Ikizima, mvuto unakwisha, uchafu unadondoka, njia inafunguka. Lile shimo lililomkoroga Mzee siku ile lilifanya kazi ya pampu yetu ya baiskeli.

Tangi tulilishusha siku iliyofuata, nje, mbali na karakana yenyewe, betri ikiwa imetolewa. Mafuta tuliyamimina kwenye karai kupitia kitambaa cheupe. Kilichobaki kwenye kitambaa kilikuwa magamba ya kutu, meusi na ya kahawia, makavu, yaliyojikunja kama majani ya chai kwenye chujio. Fundi alichukua gamba moja akaliweka kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea. Lilikuwa pana kuliko tundu. Basi hilo ndilo jibu la filta safi: magamba hayakuweza kuingia bombani, yalijibandika mlangoni.

Tulimulika ndani kwa tochi ndogo ya kuvaliwa kichwani, si kwa taa ya waya wala kwa kiberiti. Sakafu ya tangi, iliyokaa ndani ya mafuta miaka yote, ilikuwa na chuma kizuri. Kutu ilikuwa juu, kwenye kuta na dari, kuanzia mstari ulionyooka ambapo mafuta yaliishia gari lilipokuwa bandani. Njoro usiku ni baridi na mchana jua lipo. Tangi lililo karibu tupu linapumua: mchana hewa inatanuka na kutoka, usiku inaingia nyingine yenye unyevu, unyevu unageuka matone kwenye chuma kitupu. Rudia hivyo miaka mingi, kisha mimina petroli mpya na kulirusharusha gari barabarani, na magamba yataanza kuanguka. Ndiyo maana gari lilikuwa salama miezi ya mwanzo, likaharibika baada ya kuanza kutumiwa vizuri.

Kuhusu kusafisha, kuna mambo ambayo sitayapitia haraka. Tangi la petroli lililomwagwa ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke. Asikudanganye mtu kwamba ukishalimwaga unaweza kulichomelea. Hili letu halikuwa na tundu, kwa hiyo hatukuhitaji moto wa aina yoyote. Lilioshwa kwa maji mengi ya moto na sabuni mpaka harufu ikafifia, likatiwa mnyororo mfupi mwembamba na kutikiswa na watu wawili mpaka magamba makubwa yakaachia, likaoshwa tena. Kisha likajazwa siki nyeupe, mpaka juu kabisa kwa sababu kutu ilikuwa juu, na kuachwa siku kadhaa. Siki inakula kutu polepole na haili chuma kwa pupa. Tulipoimwaga ilikuwa nyeusi. Tukasuuza kwa maji ya magadi kuua ile asidi, tukasuuza kwa maji safi, tukalikausha kwa hewa ya kompresa bila kuchelewa, kwa kuwa chuma kilichooshwa namna hiyo huanza kushika kutu mpya ndani ya saa moja, tukazungusha oili nyepesi ndani.

Kuna rangi za kupaka ndani ya tangi, na fundi alizitaja. Mimi nilikataa, na Mzee akanikubalia. Rangi hizo hushika vizuri kwenye chuma kisafi kabisa, na ndani ya tangi la zamani lenye kona usizoziona huwezi kuwa na hakika ya usafi huo. Ikianza kubanduka, utakuwa umejitengenezea magamba mapya, tena ya plastiki. Tangi likiwa na vitundu, hapo ni habari nyingine. Lisipokuwa navyo, dawa ni kulijaza mafuta na kuliendesha.

Mipira yote ya mafuta ilibadilishwa, ile ya kupumulia pia. Ilikuwa imekauka na kupasuka kwenye mikunjo. Kwa gari lililotumika Kenya miaka ya 1980 haishangazi, kwani wakati huo petroli iliuzwa ikiwa imechanganywa na alkoholi iliyotengenezwa Muhoroni kutokana na molasi, na mipira ya zamani haikutengenezwa kuvumilia alkoholi. Tulitafuta mipira yenye alama ya SAE 30R9, kiwango cha mipira ya mafuta, ubavuni, na muuzaji wa kwanza alipotuletea mpira usio na maandishi yoyote tuliurudisha. Nyuma, karibu na tangi, tuliongeza filta nyingine ya kuonekana ndani, ambayo Mzee anaweza kuimulika kila mwezi.

Baada ya hapo gari lilipanda Mau likiwa na watu wawili na mizigo, likashuka Londiani na Kericho, likafika Kisumu bila kukatika. Kisumu, zaidi kidogo tu ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na joto la nyuzi thelathini, likaonyesha kitu kingine. Kwenye foleni ya mchana lilianza kutetemeka likinguruma palepale, na lilipozimwa dakika kumi na kuwashwa, lilisumbua kwa nusu dakika kabla ya kutulia. Hili ndilo joto la kweli. Dalili zake ni zile tulizozikosa Mau: foleni, upepo hakuna, taabu inakuja baada ya kuzima na inaisha ukiendesha.

Tulifungua tukaangalia chini ya kabureta. Bati la kukinga joto, linalokaa kati ya kabureta na manifoldi ya egzosti, halikuwapo. Pengine liliondolewa zamani na mtu aliyetaka kufikia bolti kwa urahisi akaliona halina kazi. Fundi mmoja wa bati, huko huko Kisumu, alitukatia jingine la alumini kwa kufuata kielelezo cha karatasi tulichochora, akakunja kingo ili lisitetemeke, tukalifunga pamoja na vitenganishi vipya vya joto kwenye miguu ya kabureta. Mtetemeko wa foleni ulikwisha, na kuwaka baada ya kusimama sasa kunachukua sekunde chache tu.

Ule mpira wa wavuvi hatukuuacha chini ya boneti, maana haukutengenezwa kukaa karibu na injini ya moto. Mzee anautunza kwenye buti pamoja na klipu zake mbili, na tangi halishuki chini ya nusu hata gari likikaa bila kutembea kwa muda mrefu.